Odilo na Vipimo vya Kuboronga

Siku Zipora, mnunuzi wa maparachichi, alipomfahamu Odilo, pale sokoni Makambako, Odilo alikuwa ameangusha kreti ya watu na hakukimbia. Alisimama akiyatazama maparachichi yanavyobingirika, akasema, "Hii ni slip tu."

"Slip ndiyo nini?"

"Kosa la mkono, mama. Kosa la kichwa ni blunder. Ukiharibu kazi nzima, kichwa na mkono pamoja, hiyo botch." Aliwahi kufundisha Kiingereza shule ya misheni kabla hajaachishwa.

"Waingereza nao! Sisi tunasema umeboronga, basi."

"Ndiyo maana hatujui tumeboronga kiasi gani."

Zipora alicheka, huku akipiga hesabu. Wasimamizi wote waliowahi kumtia hasara walikuwa watu wa kusema "hamna shida". Akampa Odilo kikosi cha wachumaji, kwa ujira wa chini kuliko alioutaka.

Misimu miwili ikapita vizuri. Msimu wa tatu, walikuwa Kitandililo, shambani kwa Esteria, na siku hiyo kijijini kulikuwa na mazishi. Hapo hakuna anayeshika mkasi wa kuchumia mchana watu wakizika. Wachumaji wakamwomba Odilo waanze alfajiri, naye akakubali, wakati kawaida husubiri jua likaushe umande. Parachichi likichumwa lingali na umande, ganda hutoka madoa meusi wiki mbili baadaye, likiwa melini.

Zipora alipofika saa tatu, kreti arobaini zilikuwa barabarani, matunda yamefutwa yanang'aa. Lori la kiwanda kinachoyasafirisha Ulaya lilikuwa njiani kutoka Njombe.

"Mama Peace," Odilo akamwambia Zipora, "leo ni botch. Tumechuma na umande."

"Nani kaona?"

"Hakuna. Na leo hayaonyeshi kitu."

Esteria, mwenye shamba, akadakia: "Si mnyamaze, jamani! Yakioza huko Ulaya, nani atajua ni ya Kitandililo?"

"Kila kreti ina namba yangu ya kiwandani, dada," Zipora akasema. " Lalamiko moja tu, kiwanda kinanifuta."

Zipora akapiga simu, akalirudisha lori. Mzigo akaupeleka sokoni Makambako, akauza kwa bei waliyoitaka wachuuzi, maana walishamwona ana haraka. Esteria alilipwa kama walivyopatana. Kosa halikuwa lake.

Kisha akamgeukia Odilo. "Kikosi nakunyang'anya. Leo huna ujira."

"Na kesho?"

"Kesho unakagua kreti kabla hazijapanda lori. Ukisema hapana, ni hapana, hata kwangu. Ujira wa mchumaji."

"Mkaguzi ni mtu mkubwa, Mama Peace. Niongeze."

"Mkaguzi aliyechuma na umande?"

Odilo akajikuna kisogo. "Basi hata mabuti. Asubuhi nyasi zinaniloesha hadi magotini."

Wakavutana, wakafika kwenye mabuti ya mtumba. Zipora alipoteza faida ya mwezi mzima, namba yake ikabaki kiwandani. Kikosi kilikwenda kwa Bertila, mmoja wa wachumaji, na Odilo, aliyezoea kuitwa bosi, sasa alisimama kando ya lori akipindua matunda mojamoja.

Mabuti yenyewe yalikuwa yanambana kidogo.