Nilipotumwa Malindi Kuyaangalia Mawimbi ya Wanyonyi

Safari yangu ya pwani haikuwa ya kutembea. Nilitumwa na mama. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na mdogo wangu Wanyonyi alikuwa amepata kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni kule Malindi. Sisi nyumbani tulidhani anapika au anatandika vitanda. Kisha jirani yetu mmoja aliyekuwa mpishi huko akaja likizo, akatuambia kwamba Wanyonyi hapiki chochote. Kazi yake ni kuwaingiza wageni baharini na kuwafundisha kusimama juu ya ubao huku wimbi likiwasukuma. Mama alimkatiza hapo hapo, akamwambia anywe chai yake.

Ni lazima nieleze kwa nini. Nyumbani kwetu ni upande wa Webuye, mahali ambapo ukilala unausikia mto Nzoia. Mto huo ulimchukua ndugu yetu Wekesa, aliyenifuata mimi kwa kuzaliwa, siku moja akivuka kutoka shuleni. Tangu hapo mama hakula samaki tena, na hakuna mtoto wake aliyeruhusiwa kuoga mtoni. Sasa kitinda mimba wake alikuwa anaoga kwenye maji yasiyo na ng'ambo, tena kwa mshahara.

Mama aliniita kutoka Kachibora, upande wa Kitale, nilikoolewa. Nilipofika hakunizungusha.

"Wewe ndiye mkubwa wao, na maji unayajua," alisema. "Nenda ukayaone kwa macho yako. Kama ni ya kuua, urudi na mtoto, hata akilia. Kama si ya kuua, uje uniambie kwa kinywa chako, nami nitanyamaza."

Kwamba nayajua maji, mama hakunisingizia. Wakati wa masika wanawake wa kwetu walikuwa wakinisubiri niseme kama mto unavukika. Njia yenyewe tulifundishwa na bibi: unachomeka kijiti pale maji yanapoishia, unakaa chini, unangoja. Maji yakipanda juu ya kijiti, rudini nyumbani. Yakishuka na kukiacha kijiti pakavu, shikaneni mikono mvuke, maana mto ukianza kushuka hurudi tu mvua nyingine ikinyesha mlimani. Sifa hiyo niliipenda, sikatai.

Nilirudi kwangu Kitale kujiandaa. Ulikuwa mwezi wa Agosti. Huu ndio wakati ambao mkulima wa Trans-Nzoia anaweza kupumua. Maharagwe yalikuwa ghalani, mahindi yametoa ndevu, na hayahitaji mtu mpaka yakauke. Mume wangu aliniambia niende tu, mahindi hayana miguu. Nilibeba mfuko wa maharagwe mapya na sweta mbili, moja ikiwa ya Wanyonyi, kwa sababu sikuamini kwamba kuna mahali Kenya hii mtu halali na sweta. Basi liliondoka alfajiri na baridi yake. Tulipovuka daraja pale Moi's Bridge nilichungulia Nzoia dirishani. Ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, umetulia kwa namna ile isiyonidanganya.

Nairobi nilipanda treni ya Mombasa, na asubuhi nikaamka katika nchi nyingine. Sweta zote mbili zilikuwa zimekwisha kazi kabla ya Mazeras. Ardhi ilikuwa tambarare, minazi imesimama kila upande, na jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua kuwa panatoa jasho.

Kilifi ilinipima. Siku hizo hapakuwa na daraja, abiria wote wa basi letu la Malindi walishuka na kuingia kwenye feri kwa miguu. Nilishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, nikayatazama yale maji ya kijani, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kweli. Nilikuwa natafuta yanakoelekea. Mto una juu na chini. Haya yalicheza tu mahali pamoja. Mwanamke mmoja aliniona nilivyokunja uso akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni njaa.

Malindi nilifika mchana. Wanyonyi alikuwa kituoni, mweusi kuliko nilivyomwacha, mabega yamepanuka. Aliniamkia vizuri, halafu akanipeleka kwa mwenye nyumba wake, Bi. Zuhura, mama mtu mzima aliyeuza mahamri asubuhi na kukodisha vyumba viwili vya uani. Bi. Zuhura alinishika mkono asiuachie. Aliniuliza hali yangu, ya mume, ya watoto, ya mama, na ya safari, na kila nilipojibu "nzuri" aliniuliza tena kwa maneno mengine. Nilimpa maharagwe. Aliyapika kwa nazi jioni ile ile, na ingawa sikumwambia, nilisikitika kwa ajili ya maharagwe yangu. Kisha nikaongeza sahani ya pili.

Hata Kiswahili cha mdogo wangu kilikuwa kimebadilika. Alikuwa akisema "hebu" na "jamani" kama aliyezaliwa huko. Nilimuuliza kama bado anakumbuka neno la Kibukusu hata moja, akanitukana kidogo kwa Kibukusu safi, tukacheka.

Asubuhi iliyofuata nilienda naye kazini, maana ndiyo kazi iliyonipeleka. Kwanza hakugusa maji. Alisimama mchangani, mikono nyuma, akiangalia tu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha alichukua chaki akaandika kwenye ubao mweusi uliokuwa mlangoni mwa hoteli hali ya bahari ya siku hiyo: mawimbi ya kiunoni, upepo mdogo, ingieni sasa. Baada ya adhuhuri: upepo mkali, bahari chafu, hakuna kuingia. Mawimbi yake aliyapima kwa mwili wa mtu. Kuna ya gotini, ya kiunoni, ya begani, na kuna yale ambayo alichora tu mstari chini ya maneno "leo hapana".

Nilimuuliza amejuaje ya mchana ilhali ni asubuhi. Alinieleza kwamba miezi ile upepo wa kusi ndio unaosukuma mawimbi, na kwamba ghuba ya Malindi haina mwamba wa kuyazuia, ndiyo maana yanafika ufukweni yakiwa mazima. Asubuhi upepo umelala, kwa hiyo wimbi linasimama likiwa limenyooka na mgeni anaweza kulipanda. Jua likipanda, upepo nao unaamka, unayavunja ovyo. Maji ya ghuba yalikuwa mekundu kwa udongo wa mto Sabaki. Rangi hiyo niliijua, na haikunituliza hata kidogo.

Nilikaa chini ya kivuli cha makuti nikimtazama akiwafundisha Wazungu wawili, mume na mke. Kila walipoanguka moyo wangu ulianguka nao. Mchana yule mume alitaka kuingia tena. Wanyonyi alimwonyesha ubao mweusi. Mzungu alibishana, akapandisha sauti, Wanyonyi akazikusanya mbao zake akazifungia chumbani na ufunguo akatia mfukoni. Hilo nililiweka akilini kwa ajili ya mama. Lakini bado sikuwa na jibu lake.

Siku ya pili, nikaamua kuyapima maji mwenyewe. Wanyonyi alikuwa kazini. Nilimwambia Bi. Zuhura natembea upande wa kusini, kwenye miamba, akaniambia nisikawie, maana siku hizo ni bamvua, maji yanatoka sana na kurudi sana. Nilisema sawa. Neno bamvua sikulijua, na sikuuliza. Mtu aliyetumwa kwa sababu anajua maji haulizi maswali.

Kule hapakuwa na mawimbi ya kutisha. Yalivunjikia mbali kwenye mwamba, na huku ndani maji yalikuwa kimya. Nilivunja kijiti, nikakichomeka pale maji yalipoishia, nikakaa chini. Maji yakaanza kushuka. Yalikiacha kijiti, yakaendelea kushuka mpaka mwamba wote ukajitokeza, mpana kama shamba lililolimwa. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Kwa akili yangu ya Nzoia, jambo lilikuwa limekwisha: maji yameondoka, na bila mvua hayarudi. Nilifunga leso kiunoni nikaenda. Nilifika karibu na mwisho wa mwamba. Niliona vidimbwi vyenye samaki wadogo wa bluu, nikainama kuwatazama mmoja mmoja, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa tayari natunga maneno ya kumwambia mama: maji yenyewe ni ya kawaida tu, yanakwenda zake.

Niliposimama na kugeuka, kati yangu na ufukwe palikuwa na maji. Hayakuwa yametokea mbele, kule mawimbi yalikokuwa. Yalikuwa yamenipita pembeni na kujaza kwanza bonde lililo nyuma yangu. Nilijaribu kuingia, yakanifika kifuani na mkondo ukanivuta mguu. Nilirudi nikapanda jiwe lililoinuka. Sikupiga kelele. Nililia tu, na nilichokuwa nikiwaza si kifo changu bali mama, kwamba ataletewa habari ile ile mara ya pili, na safari hii ametuma mwenyewe.

Wanyonyi alikuja juu ya ubao, amelala kifudifudi, anapiga maji kwa mikono. Bi. Zuhura ndiye aliyekuwa amemfuata hotelini kumwambia nilikoelekea. Wanyonyi alifika akakaa juu ya ubao kando ya jiwe, na hakuwa na haraka, jambo lililoniudhi hata katika hali ile.

"Dada, lala hapa juu kwa tumbo," alisema. "Usinishike mimi. Shika ubao. Na tusiende bado. Si unaona hayo makubwa yanakuja? Acha yapite kwanza."

Nililala kwa tumbo mbele ya mdogo wangu, nguo imenikaa vibaya, nikashika ubao kama mtoto. Mawimbi makubwa yakaruka mwamba moja baada ya jingine, maji yakachafuka pande zote. Kisha yakatulia, kama alivyosema. Hapo ndipo aliponisukuma, yeye akiogelea nyuma, na hatukwenda moja kwa moja bali mshazari, tukifuata mkondo badala ya kugombana nao. Tulitokea mbali na pale nilipoingilia. Kijiti changu kilikuwa kimeshazama.

Tulikaa mchangani muda mrefu. Nilimwambia nilivyofanya, nikitarajia anicheke. Hakunicheka.

"Siku ya Wekesa mimi nilikuwa mdogo sana," alisema. "Nilikuwa nimemfuata shuleni, tukawa tunarudi pamoja. Alinisimamisha ukingoni akaniambia ningoje, ati atarudi kunibeba. Nikamwona akienda na maji, na sikuweza kitu. Nyinyi wote mliogopa maji. Mimi si ati siyaogopi. Nilitaka siku nyingine niweze kuingia."

Miaka yote hiyo hatukujua kwamba aliona. Tulimkuta njiani akilia, tukadhani analia kwa sababu wengine wanalia. Nilimshika kichwa nikakiweka begani, yeye mkubwa hivyo, na tulilia wote wawili bila aibu huku watalii wakipita.

Jioni aliniomba jambo moja. Nisimwambie mama habari ya mwamba. Alisema mama akisikia, kazi imekwisha, na yeye hana shamba wala moyo wa kulima. Bi. Zuhura alikuwa akitusikia, akasema maji usiyoyafika hujui wingi wake, kisha akanikaanga kwa maneno mpaka nikatamani kurudi jiweni. Aliniuliza kwetu mtu akiambiwa asikawie hufahamu nini.

Njia ya kurudi niliipita nikibishana na nafsi yangu. Kwenye feri ya Kilifi niliamua nitanyamaza. Kwenye treni niliamua nitasema nusu. Nairobi nilipanda treni ya magharibi, na kadiri baridi ilivyorudi na nikavaa sweta zote mbili, maana Wanyonyi aliikataa yake, nilizidi kuona kwamba mama hakunituma kuleta nusu. Nilishuka Webuye asubuhi, moshi wa kiwanda cha karatasi umelala juu ya mji, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Nilimkuta mama uani akipepeta maharagwe. Aliendelea kupepeta. Nilikaa chini nikamweleza yote: ubao mweusi, mawimbi ya kiunoni na ya begani, Mzungu aliyenyimwa ufunguo. Nikafika kwenye kijiti. Sikuruka kitu. Nilimwambia yale maji ni ya kuua, nimeyaona, nami nilikuwa ndani yake. Nilimwambia kuhusu Wanyonyi na Wekesa ukingoni. Mama aliweka ungo chini. Alijifunika uso kwa leso akakaa hivyo.

Nilichojifunza safari ile ni kwamba kujua maji ya kwenu si kujua maji. Wanyonyi hakuwa jasiri kuliko sisi. Alikuwa amejifunza wakati wa kuingia na wakati wa kukaa nje, na kila asubuhi aliuliza upya.

Mama alipoiondoa leso usoni aliuliza swali moja tu, kama ni kweli Wanyonyi aliyaacha kwanza yale makubwa yapite. Nikasema ni kweli, na kwamba mimi ndiye niliyetaka twende haraka.

"Basi mwache mtoto akae huko," alisema, akaushika ungo wake tena. "Wewe ndiye nisikusikie tena karibu na maji."

Nilikuwa na watoto wanne, mkubwa tayari yuko sekondari. Nilijibu, "Ndiyo, mama."