Darubini na Gogo

Wenzake walimwita Darubini, ingawa darubini yenyewe aliishika mara chache. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kusimama omoni, mbele kabisa ya meli ndogo yenye vyumba tisa, na kuwaonyesha wageni nyangumi. Aliona mvuke wa pumzi zao kabla mtu mwingine hajaona chochote. Akisema kulia, wageni walikimbilia kulia bila kuuliza.

Wa kwanza kujua kwamba mambo yamebadilika alikuwa mpishi wa meli, shemeji yake, dada wa mkewe. Alimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, mara mbili katika wiki moja. Akafuta meza. Siku hizo Darubini alikuwa ameanza kutegemea masikio. Nyangumi akipumua karibu, husikika kama tairi linalotolewa upepo, na hilo lilimsitiri kwa muda.

Asubuhi moja, injini ikinguruma, alitangaza nyangumi upande wa kushoto, mama na mtoto. Wageni wakajipanga na kamera zao. Walipokaribia wakakuta gogo, na shakwe mmoja amekaa juu yake. Mzee mmoja akasema kumbe mtoto ana mbawa. Watu wakacheka. Darubini naye alicheka.

Mchana shemeji yake alimfuata stoo, alikokuwa akipanga majaketi ya kuokolea.

"Shemeji, mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia. "Utasema mwenyewe, au nikusemee?"

Darubini alipanda kwa nahodha akamweleza habari ya ukungu machoni, ulioanza mwaka uliopita. Nahodha hakutoa mkono kwenye usukani.

"Nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe," alisema. "Ila lile gogo lingekuwa jiwe, tungeongea mengine."

Daktari alikuta mtoto wa jicho upande wa kulia, akamtoa. Jicho la kushoto lilikuwa na presha, na uoni uliokwisha kupotea haukurudi.

Omoni akawekwa baharia mwingine. Darubini alipewa kipaza sauti, awaeleze wageni nyangumi wanatoka wapi na wanakaa chini ya maji muda gani. Wiki za kwanza aliongea kwa ufupi, kama mtu aliyelazimishwa. Baadaye akazoea. Siku hizi akiambiwa wameonekana, huuliza ni wangapi, kisha anaendelea kusimulia.