Nchi ya Baba Kule Muleba

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nasoma shule ya wasichana ya bweni, Bukoba mjini. Likizo moja nilirudi Muleba nikamkuta baba ameanzisha nchi.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba kila kaya itatoa watu wa kulima shamba la pamoja. Baba, mkulima wa kahawa aliyependa kubishana na redio, alikataa. Alisimama mpakani mwa kibanja chetu, shamba letu la migomba na kahawa, akawaambia majirani kwamba kuanzia pale kuingia ndani si Tanzania tena. Huku hakuna kiongozi, hakuna kodi, hakuna wa kumlazimisha mwenzake. Kila mtu na chake. Akatundika kipande cha shuka la bluu juu ya mti.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisimani, wanawake waliotoka shamba la pamoja waliniuliza kwa upole kama mvua imenyesha na nchini kwetu. Mama aliendelea kuchota maji bila kuinua uso.

Likizo haijaisha, bibi akafariki, mama mzazi wa baba. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa hashiki jembe. Asubuhi ya mazishi hakuja mtu. Baba alisubiri, kisha akaenda kwenye migomba akaanza kuchimba peke yake. Nilisikia jembe likigonga mawe, nikaziba masikio.

Jua lilipopanda, wanaume wakatokea na majembe yao, miguu ina tope la shamba la pamoja. Walisimama mpakani.

“Tata,” mwenyekiti alimwita baba kwa heshima, “tunaruhusiwa kuingia?”

Hakuwa akitania. Kweli hawakujua kama wanaruhusiwa. Baba aliegemea mpini wa jembe. Mama ndiye aliyejibu.

“Ingieni, baba zangu. Huyu alikuwa mama yenu pia.”

Mmoja wao alimpokea baba jembe. Baba akakaa palepale kwenye udongo alioutoa, akafunika uso kwa viganja.

Baada ya matanga alikwenda kulima na wenzake. Hakuna aliyemcheka, nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alichagua tuta la mwisho kabisa.

Shuleni waliponiuliza habari za likizo, nilisema tulifiwa. Hata leo watu wa kwetu wakiigusia ile nchi ya baba, mimi huangalia chini.