Kofia za Mama kwa Bei Mbili

Leo mteja kamuumiza mama yangu kwa kumsifia.

Mama anashona kofia za viua, zile za kudariziwa vitundu vitundu, kwa mkono, hapa hapa Temeke, tangu enzi za ruksa, miaka ya tisini mwanzoni, baba alipopunguzwa kazi kiwandani. Kofia moja inamchukua wiki tatu. Mie ndiye ninayemuuzia mtandaoni.

Juzi nikafanya jaribio. Kofia mbili zinazofanana kabisa, nikaziweka mtandaoni kwa bei tofauti. Moja elfu ishirini, bei yetu ya siku zote. Nyingine elfu sitini.

Leo ikanunuliwa ya sitini!

Mama hakufurahi hata kidogo. "Umemwibia mtu. Mpigie umrudishie hela yake."

Nikapiga, nikaweka spika. Mteja ni baba mmoja wa Kinondoni, anamnunulia mwanawe kofia ya kuolea. Nikamwambia ukweli, kwamba ile ya ishirini ni sawasawa na yake.

"Niliiona," akasema. "Nikajua ni ya mashine. Kazi ya mkono haiuzwi elfu ishirini, dada."

Mama akaweka sindano chini.

"Ina maana miaka yote hii watu walidhani nashona kwa mashine?"

 

Kisha mama akaisogelea simu. "Mwanao anaoa lini?"

"Jumamosi, mama."

"Mpe avae. Akiulizwa, aseme kashonewa na Bi Mwanaidi. Kwa mkono."

Ile ya ishirini nimeiondoa.

Nyie mngenunua ipi? Semeni ukweli tu, mama hayupo humu.