Siku Jiko la Ba Lilipopumzika

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si shemeji ya rafiki ya jirani. Na hayakunipata kijijini kwenye giza. Yalinipata hapa Texas, asubuhi peupe, macho makavu, na mimi ni mtu wa kanisa, naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mambo ya kutokewa nilikuwa nikiyasikia kwa watu na kubetua midomo.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mwaka juzi nilikuwa namtunza mama mmoja wa Kihindi huko Katy, nje kidogo ya Houston, wa miaka themanini na kitu, ambaye kila mtu nyumbani kwake alimwita Ba, yaani mama. Ba alizaliwa Kisumu, akauza vitambaa huko miaka na miaka, kisha akaletwa huku na mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, lakini alikipenda kuliko Kiingereza, na nafikiri ndiyo sababu alinichagua. Nililala kwake siku nne kwa wiki. Siku hizo mume wangu, Baba Nekesa, alibaki na binti yetu wa miaka minne katika apatimenti yetu kusini magharibi mwa Houston.

Sasa, Wahindu wana mwezi wao mtakatifu unaoitwa Shravan. Kwao India ni mwezi wa mvua kubwa. Hapa unaangukia Agosti, na mvua pekee unayoiona ni jasho lako. Mwezi ule Ba hakuwa na mchezo. Kila Jumatatu alifunga, akalimiminia maji na maziwa jiwe dogo jeusi la Mungu wao Shiva, akaliwekea majani juu, huku mimi nimemshika kiuno asianguke. Kuhusu vidonge vyake vya sukari tuligombana mpaka tukazoeana.

Ndani ya mwezi huo kuna siku moja ambayo jiko haliwashwi kabisa. Jana yake Ba na mke wa mwanawe walipika kutwa nzima, chapati za viungo, puri, na vitamu vya unga na samli. Jioni wakalizima jiko la gesi, wakalisugua likang'aa, wakalitia vidoti vya unga mwekundu, wakalilaza ua jeupe juu yake. Kisha Ba akaniita.

"Kesho hapana washa jiko," akasema. "Hata kidogo. Shitala Mama nakuja nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye mama ya homa, mama ya ndui. Mwili yake naungua saa yote, basi nalala kwa jiko baridi, napoa. Akikuta moto, yeye taungua. Na mtoto ya ile mtu amewasha, taungua pia."

"Sawa, Ba. Na chai?"

"Maji baridi. Maziwa lala. Chai kesho kutwa."

Nikasema sawa kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nacheka. Mimi Mbukusu wa Bungoma niamke nisinywe chai kwa sababu jiko liko likizo?

Basi saa kumi na mbili asubuhi niliamka na kichwa kinaniuma, kile cha kukosa chai, unakijua. Mwenye nyumba alikuwa safarini kikazi, mkewe ameshatoka kwenda hekaluni, Ba amelala fofofo. Nilisimama mbele ya lile jiko lililopambwa, nikajiambia kwamba miungu ya watu haina neno na mimi. Nikaliondoa ua taratibu. Nikawasha kichomeo cha nyuma, nikabandika kisufuria, maziwa na majani. Hata unga mwekundu nilikuwa nimeuona kabatini, nikapanga nitarudishia vidoti na hakuna atakayejua. Ona ujinga wangu. Nilikuwa nimeupangia hesabu.

Chai ilipochemka nikapunguza moto, nikaenda mara moja kumchungulia Ba. Dakika mbili, si zaidi, niamini. Niliporudi, bibi kizee alikuwa amechuchumaa chini, mgongo wake umeegemea jiko.

Sikushtuka mara moja. Mwezi ule wageni walikuwa wengi, nikadhani ni jamaa aliyefika usiku. Alivaa sari iliyochakaa, rangi yake huijui, imejaa majivu. Nywele nyeupe zimejisokota, zimemfunika uso nusu. Alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kushoto kifuani. Nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Nikaunganisha viganja nikamwamkia kwa namna yao.

Akanijibu kwa Kibukusu. Si Kihindi, si Kiswahili. Kibukusu kile cha bibi zetu wa kule karibu na mlima, chenye maneno ambayo mimi mwenyewe nimeanza kuyasahau. Alisema, "Nimekuja kupumzika, mwanangu, na nimeungua."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi, Mungu anisamehe, nilimimina chai. Ndivyo nilivyolelewa, mgeni mzee hasemeshwi mikono mitupu. Nilijaza kikombe pomoni, cha moto, mvuke unapaa, nikamwinamia, "Karibu, kukhu," yaani bibi.

Alikitazama kikombe. Kisha akanitazama mimi, na sikuona hasira. Niliona kuchoka, kama mgonjwa aliyebonyeza kengele usiku kucha asipate mtu.

"Na mtoto wako," akauliza, "umemwachia nini?"

Niligeuka kuweka kikombe mezani. Niligeuka tu. Niliporudisha uso hapakuwa na mtu. Nyumba ile kila mlango ukifunguliwa king'ora kidogo hulia, na sikusikia kitu. Jikoni kulikuwa na majivu kwenye vigae. Na ile chai mezani, ndani ya kikombe, mbali na moto, ilikuwa bado inachemka. Inatokota, mapovu yanapanda na kupasuka, na mimi nimesimama naiangalia.

Simu ikalia. Baba Nekesa.

"Mama Nekesa, mtoto ana homa mbaya. Nime-check, ni one-oh-four, yaani forty ya kwetu! Alilala poa kabisa, ameamka hivi. Nampeleka emergency saa hii."

Nililizima jiko. Nilikwenda kwa Ba nikipapasa ukuta. Alikuwa ameamka, pua juu, ameisikia harufu ya chai. Sikuweza kumdanganya. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote, jiko, bibi kizee, kikombe, homa ya mtoto. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alilia, akanishika kichwa.

"Mama hapana baya," akasema. "Yeye naungua tu. Zamani mama mmoja alisahau moto kama wewe, akabeba mtoto yake, akaenda kutafuta yeye njiani. Akakuta mzee nakaa peke yake, kichwa yake nawasha sana. Akakaa, akamtunza kichwa. Mtoto akapona. Wewe ukiona yeye, hapana pita. Nasikia? Hapana pita."

Mke wa mwanawe alirudi mbio nilipompigia. Alinikuta nimesimama mlangoni na funguo za gari. Aliliona jiko, akaniona mimi, akasema neno moja tu kwa Kiingereza: "Go."

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu. Nilikuwa kwenye barabara ya pembeni mwa ile kubwa ya kwenda mjini, kwa sababu kule kwenye ile kubwa magari yalikuwa yamesimama. Kwenye benchi la basi lisilo na kivuli, jua limeshaanza kuchoma, nikamwona. Sari ileile, mkono kifuani, mwingine unakuna kichwa, anakuna, anakuna. Na mimi nikampita. Nakiri. Ba alinionya, na nikampita, kwa sababu mtoto wangu alikuwa hospitalini na mguu wangu haukutaka kuachia mafuta. Nilikuwa nalitaja jina la Yesu kwa sauti.

Mbele kidogo simu ikalia tena. "Ameshikwa na degedege," mume wangu akasema, na nyuma yake nilisikia manesi wanapiga kelele za kazi, zile ninazozijua. "Wametutoa nje ya room. Uko wapi? Kam haraka!"

Nikainua macho. Benchi lingine. Bibi yuleyule.

Nilipanda na gari juu ya majani. Nikashuka, nikaketi nyuma yake kwenye benchi lile la chuma, nikasema, "Kukhu, nipe kichwa chako." Sikuwa na kitana. Nilikuwa na vidole tu. Nilianza kuzichambua zile nywele, na zilikuwa za moto, moto wa kweli, kama kushika masikio ya sufuria bila kitambaa. Majivu yakanidondokea mapajani. Nilitaka kuachia, nikamwona Nekesa akilini amekaza meno kitandani, nikaendelea. Nikatenga mistari, nikamsuka matuta, kama ninavyomsuka binti yangu Jumamosi. Mistari ilikuwa ovyo. Nililia hadharani, magari yanapita, hakuna aliyepunguza mwendo.

"Polepole," akaniambia. "Una haraka ya wapi?"

Nilitaka kumpigia kelele kwamba anajua fika haraka yangu ni ya wapi. Nikapunguza mwendo. Nikasuka kama mtu mwenye siku nzima. Tuta la mwisho lilipofika shingoni, nywele zilikuwa zimepoa, baridi kama nguo iliyotoka kusuuzwa. Akashusha pumzi ndefu. Hakuyeyuka, hakupaa. Aliinuka tu, akavuka barabara kwa miguu mitupu juu ya lami ile, na lori likapita katikati yetu, sikumwona tena.

Nilikuwa bado nimekaa Baba Nekesa alipopiga. Homa imeshuka. Daktari hajui imekwendaje, anasema watoto wako hivyo. Mtoto amefungua macho, anaomba yogati ya baridi.

Mchungaji wangu sijamwambia mpaka leo. Nekesa ni mzima, yuko shule, ana kelele kuliko mwalimu wake. Aliyelipa ni mimi. Jioni ileile nilinyanyua kifuniko cha sufuria kutoka kwenye moto, nikasimama nacho naongea, mpaka mume wangu akapiga yowe kwamba ngozi inatoa moshi. Sikuwa nimesikia kitu. Vidole vyangu na viganja havijui tena moto. Wamenipima mishipa, wamenichoma sindano, wanasema niko sawa. Ba nilipomwonyesha alivibusu vidole, akasema nimembebea Mama moto yake kidogo. Siku hizi maji ya kuwaogesha wazee nayapima kwa kiwiko.

Kwa hiyo wewe unayeingia nyumba za watu kutafuta riziki, nakusihi, ukiambiwa kitu kipumzike, kiache kipumzike. Hulazimiki kuabudu. Hulazimiki hata kuamini. Kunywa maji baridi siku moja tu, chai haikimbii.

Wiki iliyopita Nekesa alirudi kutoka shule amelegea. Akaja akaniegemea, akauliza, "Mummy, am I hot?" Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wake, nikakiacha pale muda mrefu, ananitazama, anangoja. Nina themomita tatu nyumbani, lakini yeye hakuiuliza themomita. Nikamwita baba yake aje amguse.