Saluni Nyeupe Iliyopanda Mgeta

Miaka ile magari yaliyotumika yalipoanza kuingia nchini kwa wingi, mume wangu alinunua moja, saluni nyeupe, ya chini kama mjusi. Wiki haijaisha akatangaza kwamba itapanda milima ya Mgeta mpaka mlangoni kwa wazazi wangu. Malori ya mboga, alisema, anawaachia watu wasio na mipango. Mimi nimekulia juu ya malori hayo, nimekalia matenga ya kabichi.

Fundi wake alikuwa na gereji Msamvu, mtu wa maneno machache. Aliinua springi kwa vipande vya mpira, akafunga bati nene chini ya injini isije ikatobolewa na mawe, akatoa matairi yaliyolika na kuweka yenye kashata, yale ya meno makubwa. Kisha akasema:

"Bosi, hii bado inavuta kwa magurudumu mawili tu. Ukifika kwenye utelezi punguza upepo wa matairi, shusha watu, panda taratibu. Ukikanyaga mafuta kwa hasira, inajichimbia."

Mume wangu alimwitikia kama unavyomwitikia mtoto, halafu akaagiza zifungwe taa kubwa za ukungu. Tulisafiri mchana, jua likiwaka.

Tulipopita Mlali tukaanza kupanda. Kwenye kona moja mvua ya usiku ilikuwa imegeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Gari likateleza, likarudi nyuma, gurudumu moja likaingia mferejini.

"Punguza upepo, kama fundi alivyosema," nikamwambia.

"Niingie ukweni na matairi yamelala? Watasema nimenunua mkweche."

Akakanyaga mafuta. Tope likaruka, gari likazidi kuzama. Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo ya njegere kichwani wakasimama kutazama. Mmoja alicheka waziwazi, nami nikampenda kwa hilo.

Nikashuka, nikavua viatu. Kwa kijiti cha kiberiti nikabonyeza vali za matairi ya nyuma mpaka yakalegea, nikatandika matawi mbele yake. Wale wanawake wakatua mizigo, tukasukuma.

"Taratibu!" nikapiga kelele. Siku ile ndipo mume wangu aliponitii mara ya kwanza. Gari likatoka.

Alishuka kukagua taa zake.

Nyumbani baba alilizunguka gari mara mbili. "Mkwe, ile kona umeipandaje?"

"Nilipunguza upepo, baba," akajibu bila kunitazama. "Gari ni akili."

Baba, aliyeupanda mlima ule kwa miguu maisha yake yote, akatikisa kichwa kwa mshangao. Ningeweza kusema. Tope lilikuwa limekauka mpaka magotini mwangu. Lakini mama akanikabidhi sahani ya kuku yenye firigisi, nami nikampelekea mume wangu, nikapiga magoti nikamkaribisha. Nilijidharau. Ila si kama nilivyomdharau yeye, alipoitafuna ile firigisi huku amefumba macho.