Ubao wa Njia ya Rusumo

Mimi huandika polepole. Katika shule ya misheni, mbali na kijiji chetu, wenzangu walikuwa wameshafuta vibao vyao na kutoka nje kucheza, mimi bado niko mstari wa pili. Lakini herufi zangu zilisimama wima, na hilo ndilo lililoniponza.

Katika miaka ile ya Mwingereza ilikuja habari kutoka bomani kwamba Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kutazama maporomoko ya Rusumo, pale Mto Kagera unapojibana kati ya mawe na kuanguka. Ikasemekana kwamba mzungu hawezi kushuka kwa njia yetu. Ilikuwa kweli. Njia yetu ilianzia kwenye lambo, lile tulilolichimba kwa amri kiangazi kilichotangulia ili ng'ombe wapate kunywa huku juu, halafu ikateremka moja kwa moja kifuani mwa genge. Mahali pabaya kuliko pote wazee wa zamani walikuwa wamepanga mawe bapa, moja chini ya jingine, na mtu alishuka kwa kukanyaga mawe hayo huku ameshika mizizi.

Tuliitwa watu ishirini kulima njia mpya, pana, yenye kuzunguka mlima taratibu. Nyapara wetu alikuwa mtu wa mjini Biharamulo, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Alivaa kanzu safi hata kule mlimani, na Kiswahili chake kilitiririka. Sisi nyumbani tulisema Kihangaza, na mbele yake kila mmoja aliona ulimi wake mzito. Wangu ulikuwa mzito hata kwa Kihangaza.

Siku ya tatu mawe ya kujengea ngazi za njia mpya yalikwisha. Nyapara akatazama huku na huku, akaona mawe bapa ya njia ya zamani.

"Yale pale yanalala bure," alisema. "Yang'oeni."

Tukayang'oa. Mimi mwenyewe niliyabeba manane. Yalipotoka palibaki udongo mwekundu, laini, unaolowa kwa manyunyu ya maji yaangukayo.

Kwetu njia ikifungwa, hukatwa tawi bichi likalazwa kuikata njia, shina lake likielekea upande unaofaa kupita. Hakuna asiyejua. Mtoto anajua, na mgeni aliyetoka Urundi kwenda Uganda kutafuta kazi anajua. Tawi hilo halirukwi. Basi jioni ile, kabla ya kurudi nyumbani, nilikata tawi nikalilaza pale njia panda karibu na lambo.

Asubuhi nyapara alilikuta.

"Nani ametupa takataka hii njiani?"

Nikasema ni mimi. Nikajaribu kueleza, lakini maneno ya Kiswahili yalinijia moja moja, na yeye hakuwa na subira ya kuyangojea.

"Bwana Shauri aje akute majani kama zizini? Wewe si ndiye msomi wa hapa? Shikamoo, mwalimu!"

Watu wakacheka, maana yeye alikuwa na umri wa baba yangu. Mmoja akadakia, "Itikia basi, mwalimu! Sema marahaba!" Nyapara akalichukua tawi, akalitupa lamboni. Lilielea pale, na ng'ombe mmoja akaanza kula majani yake.

"Andika," alisema. "Siku hizi ni za kuandika."

Akanipa ubao wa kasha la sabuni na chokaa ndani ya kifuu. Nilikaa asubuhi nzima. Niliandika: NJIA HII IMEFUNGWA PITA KULIA. Nyapara alipoona alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia mkono wangu ni mkono wa karani, akausimamisha ubao mdomoni mwa njia ya zamani. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini moyoni nilijua kwamba kati ya watu wote wapitao pale, wanaoweza kusoma ubao ule ni wawili tu: mimi na yeye. Nilijua, na nikanyamaza. Nilijiambia kwamba watu wote wa kijiji wameshasikia habari za njia mpya.

Dada yangu hakuwa amesikia. Alikuwa Bugarama kwa shangazi karibu miezi miwili, akisuka mikeka na vikapu vya kuingia navyo nyumbani kwa mume. Ng'ombe walikuwa wameshaletwa, na kanisani padri alikuwa ametangaza ndoa mara mbili. Ilibaki mara ya tatu. Baada ya mavuno ya mtama angeondoka. Alirudi kwetu jioni ileile nilipoandika ubao, amechoka, akalala mapema. Niliondoka alfajiri kabla hajaamka. Kila siku ni mama aliyetuletea chakula.

Siku hiyo mama aliamka na homa.

Adhuhuri nilikuwa chini kabisa, juu ya jabali linalotazama maporomoko, nikisafisha mahali ambapo Bwana Shauri angesimama. Kati yangu na genge palikuwa na korongo la maji. Pale chini sauti ya mto haiachi nafasi kwa sauti nyingine. Watu wawili wakisimama bega kwa bega huongea kwa mikono.

Niliinua macho nikaona mtu juu gengeni, kwenye njia ya zamani. Alikuwa na kikapu kichwani. Nilijua mwendo wake kabla sijaiona sura yake.

Nilipiga kelele. Najua nilipiga kelele kwa sababu koo liliniuma siku mbili, lakini hata mimi mwenyewe sikujisikia. Dada aliendelea kushuka, mkono mmoja kwenye kikapu, mwingine kwenye mizizi, kama tulivyozoea tangu utotoni. Nikatupa jembe, nikainua mikono yote miwili, nikaipunga, nikimaanisha rudi, rudi.

Akaniona. Akasimama. Nikafikiri ameelewa. Kisha nikaona meno yake. Alikuwa anacheka. Miezi miwili hatukuonana, na hapa mdogo wake, yule asiyesalimia watu hadi asukumwe, anampungia mikono miwili. Akauacha mzizi, akainua mkono wake, akanipungia.

Halafu akashusha mguu mahali palipokuwa na jiwe la kwanza.

Kikapu kilitangulia. Nilikiona kikigonga mwamba na viazi vikitawanyika. Yeye aliteleza na udongo, bila haraka, hivyo ndivyo nilivyoona, akaanguka juu ya mwamba wa pili na kubaki pale. Haya yote yalitokea bila sauti. Mto uliendelea kunguruma.

Sikuweza kuvuka korongo. Ilinibidi nipande njia mpya yote, ile pana, yenye kuzunguka mlima taratibu, nikikanyaga mawe niliyoyabeba mwenyewe, ndipo niwafikie wenzangu na kuwaonyesha kwa kidole, maana sauti haikutoka. Walishuka kwa kamba, wakamtoa, wakambeba kwa machela hadi nyumbani. Nyapara alikuwa wa kwanza kushika kamba, na kanzu yake ikachanika hadi kiunoni. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Mganga wa mifupa aliufunga mguu kwa vijiti, lakini nyonga, alisema, ni kazi ya Mungu. Bwana Shauri alikuja baada ya siku nne. Alisimama lamboni, akasikiliza mngurumo wa maji, akatazama mawingu, akarudi. Hakushuka.

Mtama ulivunwa, na dada alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Siku moja mshenga alikuja. Aliketi, akanywa maji, akazungumza sana juu ya mvua. Mwisho akasema watu wake wanasikitika, lakini yule mama mkwe amezeeka, nyumba ile inahitaji mtu wa kuteka maji bondeni. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Nilitaka kusema kwamba kosa ni langu, na kwamba dada bado ana mikono yenye nguvu kuliko mimi. Nilifungua kinywa. Mshenga akanigeukia akangoja kwa adabu. Nilikohoa, nikatoka nje.

Jioni baba aliniita. Padri lazima aandikiwe barua, asitangaze ile mara ya tatu. Katika nyumba yetu hapakuwa na mwandishi mwingine.

Dada ndiye aliyeniletea wino na kigoda, akijikokota. Akaketi kando yangu kutazama. Niliandika polepole kuliko siku zote, na baba akachoka kungoja akatoka kwenda kwa mbuzi.

"Jina langu ni lipi?" dada aliuliza.

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, kwa uangalifu, wino usichafuke.

"Siku ile," alisema, "nilifika lamboni nikaona njia mbili. Nikasimama. Sikujua mmeshuka kwa ipi. Ndipo nikaona ubao. Nilizijua zile herufi, ndizo ulizokuwa unaziandika ukutani kwa mkaa. Nikasema, aa, mdogo wangu amepita huku."

Niliiondoa kalamu kwenye karatasi.

"Ulisemaje ule ubao?"

Nilichovya kalamu. Nje baba aliuliza kama nimemaliza.

"Bado," nilijibu.

Dada alikuwa bado ananitazama, anangoja. Alijua tangu zamani kwamba mimi ni mtu wa kungojewa.